Fimbo iliyolia mno: kisa cha kijana mvumbuzi, maalim asiyeona na punda wa Lamu

Kabla sijaanza

Majina nimeyatoa yote. Kijana nitamwita K, na mzee nitamwita Maalim kwa sababu ndivyo mtaa mzima unavyomwita, na Lamu kina maalim ni wengi kwa hiyo hapo sijamtaja mtu. Mtaa, msikiti na mashindano nimeyaacha bila jina. Mimi ni fundi simu, nina kibanda na meza mbili, na hiyo ya pili ndiyo K alikuwa anakaa. Yaani msinisome kama mtu aliyekuwa kando anatazama, makosa mengine humu ni yangu na mengine mpaka leo nikiyakumbuka najikuna kichwa. Wote wawili wamesomewa haya kabla. Maalim ameniongezea mambo mawili na kunikataza moja, hilo halimo.

Mazingira

Kwa asiyeijua Lamu, mji wa kale si mji wa barabara, ni mji wa ndia, yaani vichochoro. Kuta za mawe ya matumbawe huku na huku, nyumba ghorofa mbili au tatu, na katikati uwazi ambao pengine ukikutana na mama mwenye kapu la sokoni mmoja wenu lazima ageuke ubavu. UNESCO waliuweka mji kwenye urithi wa dunia mwaka 2001 na mpaka leo gari halipiti humo. Anayebeba ni punda: mchanga, saruji, mawe, mafungu ya boriti za mikoko. Kila mlango una baraza lake la mawe limetokeza nje, pembeni kuna mtaro wa maji machafu unaoteremka kwenda pwani, na juu ya kichwa sehemu nyingine kuna wikio, chumba kilichojengwa kuvuka ndia kutoka nyumba hii hadi ile.

Humo ndimo Maalim anamotembea mara tano kwa siku kwenda msikitini, na baada ya alasiri kwenda chuoni kusomesha watoto Kurani. Macho yalimwisha akiwa mtu mzima, presha ya macho, ikaanza jicho moja ikamaliza la pili. Ana fimbo nyeupe aliyoletewa na jamaa yake kutoka Mombasa. Hiyo fimbo muikumbuke, nitairudia.

K alikuwa na miaka 20, amemaliza fomu foo, mkono mwepesi sana kwenye solda kuliko mimi na hili sioni haya kulisema. Alikuwa amesoma habari za Roy Allela, yule Mkenya mwenzetu aliyetengeneza glavu za Sign-IO zinazogeuza lugha ya ishara kuwa sauti, na alikuwa akinisimulia kila siku mpaka wateja wakazijua. Kilichompita K kwenye habari ile, na mimi pia kilinipita, ni kwamba Allela alianza na mpwa wake mwenyewe asiyesikia, mtoto wa nyumbani ambaye familia ilikuwa inahangaika kuzungumza naye. K alianza na sensa.

Ilivyoanza

Siku moja K akaniambia fundi nataka kumtengenezea Maalim fimbo inayoona. Nikamwambia haya. Hilo ndilo swali zima nililomuuliza, yaani halikuwa swali.

Vifaa viliagizwa Nairobi, vikaja kwa basi hadi Mokowe vikavuka na boti: Arduino Nano ambayo ni kompyuta ndogo ya kuendesha programu, sensa ya mawimbi ya sauti ile HC-SR04 yenye macho mawili kama bundi, baza ndogo ya kutoa mlio, na injini ya kutetema tukaitoa kwenye simu mbovu. Inavyofanya kazi ni rahisi. Jicho moja linatoa mlio wa kilohezi 40 ambao sikio la mtu halisikii, mlio unagonga kitu unarudi, jicho la pili linaupokea, programu inapima muda uliopita na kuugeuza kuwa umbali. Kwenye karatasi inapima kuanzia sentimita 2 hadi mita 4. K akaweka mpaka wa mita 1: kitu kikiwa karibu zaidi ya hapo fimbo inalia na kutetema, na kadiri unavyosogea ndivyo mlio unavyozidi kasi.

Tukaijaribu Mkunguni mbele ya ngome jioni, pale pana uwanja. K akajifunga kitambaa machoni akatembea na watoto wakawa wanamsimamia mbele ghafla, na kila mara fimbo ikalia akasimama. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga makofi zaidi yao.

Maalim akapewa siku ya Ijumaa baada ya sala, akashukuru sana, akaomba dua ndefu.

Siku kumi na nne

Hapa niende polepole kwa sababu ndipo mambo yalipo.

Fimbo ya asiyeona hushikwa ikatikiswa kushoto kulia mbele ya mtu anavyotembea. Sasa chukua fimbo hiyo uipeleke kwenye ndia ambayo kuta zake ziko nusu mita kila upande. Ukiitikisa kushoto sensa inaona ukuta, kulia inaona ukuta, ikirudi inaona baraza, ikaenda inaona mlango. Ikawa inalia kutoka nyumbani mpaka msikitini haikatiki. Watoto wa chuoni wakawa wanaisikia kabla hawajamwona, wakawa wanamwigiza, ti-ti-ti-ti-ti. Maalim siku ya tatu akamwambia K, kwa upole maana ni mtu mpole, "Mwanangu, kitu hiki chasema ukuta, ukuta, ukuta. Ukuta naujua, nimezaliwa hapa."

K akapunguza mpaka ukawa sentimita 50. Kelele zikapungua kweli lakini piga hesabu. Ncha ya fimbo yenyewe imeshaitangulia sensa karibu nusu mita hiyohiyo, kwa hiyo kitu kikifika nusu mita kutoka kwenye sensa ncha imeshakigonga. Tumelipa pesa ya sensa ili itwambie habari ambayo kipande cha alumini kimeshaisema bure.

Pale ilipotakiwa kulia, haikulia. Punda ana manyoya na ubavu wake ni wa mviringo, mlio ukimgonga mwingine unamezwa na mwingine unaruka kwenda pembeni, haurudi kwenye jicho. Nguo nzito nazo ni hivyohivyo, mama aliyevaa buibui akisimama kimya fimbo ilikuwa inamwona amechelewa au haimwoni kabisa. Yaani tulikuwa tumetengeneza chombo kinachoona kila kitu kisichosogea Lamu na kikawa kipofu kwa kila kinachosogea.

Betri sasa. Ile ya mraba ya volti 9 ni ndogo kuliko inavyoonekana, ukipata nzuri ni kama miliampea-saa 500, na Nano na sensa na baza vinakula muda wote. Kwa hesabu yetu ilitakiwa iende siku mbili tatu ikizimwa baada ya kila safari. Ilikuwa inakufa siku hiyohiyo. Tukashangaa, tukabadilisha, ikafa tena. K akaenda nyumbani kwa Maalim kuangalia anavyoitumia, akaikuta imeegeshwa kwenye tekani, ukumbi mdogo wa ndani ya mlango, imewaka, na kila paka akipita inatetema peke yake. Kumbe Maalim hakuwa na njia ya kujua imewaka au imezimwa, kwa sababu tulivyoiunda alama ya kuwaka ni kitaa chekundu.

Rudia hapo kusoma. Kitaa. Tulimwekea mtu asiyeona kitaa, na tulikuwa wawili mezani, na wateja wanapita wanaisifu, na hakuna hata mmoja aliyecheka.

Na lile lililonikaa zaidi ni masikio. Maalim alimweleza K anavyoujua mji, na K akaja kunisimulia ameshika kichwa. Akifika chini ya wikio sauti ya viatu vyake inabadilika inakuwa nzito, hapo anajua amebakisha milango sita. Akipata upepo shavu la kulia amefika kwenye kichochoro kinachoteremka pwani. Muuza kahawa anagonga vikombe vyake, kac-kac-kac, hiyo ni kona. Punda anamsikia kwato kutoka mbali na anajua kama ana mzigo au hana. Yote hayo yalikuwa yamefunikwa na baza letu la shilingi hamsini.

Baada ya wiki mbili Maalim akarudia fimbo yake ya zamani. Hakusema. Ile yetu aliitundika ukutani vizuri, ndani ya mfuko.

Mashindano, na uamuzi ambao ni wangu

Wakati huohuo ukaja mwito wa maonyesho ya vijana wavumbuzi, nje ya Lamu. K alisita, akaniambia fundi, Maalim haitumii. Mimi nikamwambia nenda, hayo tutayarekebisha mbele ya safari. Sababu yangu nitaisema wazi: kibanda kilikuwa kinahitaji jina na K alikuwa anahitaji pesa ya vifaa, na nilijua ukumbini pana nafasi na maboksi ya karatasi, si ndia.

Ikawa hivyo. Ukumbi mpana, maboksi manne, K amefunga kitambaa machoni, fimbo inalia kila inapotakiwa. Akapata cheti na pesa kidogo. Majaji wakampa na ushauri, ongeza GPS, ile ya kuonyesha mahali ulipo kwa satelaiti, na programu ya simu ili mtu aambiwe njia kwa sauti. Katika waliokuwa wanashauri hakuna aliyekuwa haoni, na K mwenyewe hakwenda na Maalim, nauli ilikuwa ya mtu mmoja.

Pesa ikaenda kwenye GPS. Wajuzi mtakuwa mmeshacheka. GPS inataka kuona mbingu, na kwenye uwazi mzuri inakosea mita chache, sasa iweke chini kwenye ufa wa kuta za ghorofa tatu ambako mbingu ni utepe tu na mawimbi yanadunda kutoka ukuta hadi ukuta. Vichochoro vyetu vinafuatana karibu karibu. Simu ilikuwa inamweka K kwenye ua wa jirani, mara juu ya paa la msikiti, siku moja ikamweka baharini. Miezi miwili ikapotea hapo.

Boriti

Kilichogeuza kisa hiki ni punda aliyebeba boriti.

Boriti hufungwa ubavuni mwa punda, nyuma zinaburura na mbele zinatokeza kupita kichwa chake, ziko usawa wa kifua au uso wa mtu. Kijana wa punda alikuwa nyuma, mtaa wa pili palikuwa na watu wanatoboa ukuta kwa mashine, kwato hazikusikika. Fimbo ya Maalim ilikuwa chini kama kawaida inapapasa ardhi, ikapita chini ya boriti bila kugusa chochote, na boriti ikamkuta juu ya jicho. Nyuzi tatu. Alhamdulillahi ilikuwa ni nyusi.

K alilia, na sidhani ni kwa ajili ya jeraha peke yake. Maana fimbo yetu ingekuwepo, isingeona pia. Sensa tuliielekeza mbele usawa wa paja.

Akafunga kompyuta. Alichofanya kwa siku kumi zilizofuata hakikuwa na solda hata tone: kila alasiri akawa anamfuata Maalim hatua tano nyuma, na daftari, anaandika kila anaposimama, anapogonga, anapoinua mkono. Aliomba ruhusa kwanza. Maalim akamwambia, "Ndoo (yaani njoo), lakini usinishike mkono." Halafu wanakaa barazani na K anauliza moja moja, pale kwenye duka la nguo ulisimama kwa nini ami, na Maalim anajibu.

Daftari lile ninalo nakala. Kurasa za kwanza ni aibu tupu kwetu, kwa sababu ukuta haumo. Baraza limo mara moja, lile jipya lililojengwa juzi. Mtaro haumo kabisa, ncha ya fimbo inaukuta kila siku. Vilivyomo ni hivi: mbao za dirisha zilizofunguliwa nje, bati la duka lililotokeza chini, nguo na ndoo zilizotundikwa mlangoni kwa muuzaji, mpini wa mkokoteni ulioegeshwa, na mizigo ya punda. Vyote viko juu ya kiuno. Chini Maalim alikuwa na fimbo, masikio yakampa mbali, lakini kuanzia tumboni hadi paji la uso alikuwa hana kitu.

Na jambo la mwisho kwenye daftari, K aliliandika akalizungushia duara mara tatu: fimbo ni fupi. Fimbo ya kutembelea inatakiwa ifike kifuani, karibu na mfupa wa katikati. Ile ya Mombasa ilikuwa inafika kiunoni, ya mtu mfupi au ya mtoto sijui, na miaka yote hiyo Maalim alikuwa anatembea ameinama kidogo, ncha iko karibu na miguu yake mno, kila kitu anakipata amechelewa. Sisi tulishika ile fimbo, tukaipima kipenyo ili tufunge kisanduku, na hatukuipima urefu.

Maamuzi ya mara ya pili

La kwanza halikuwa uvumbuzi. K akampeleka Maalim hospitali akapimwa, zikajazwa fomu za usajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, maana hakuwa amesajiliwa. Alikuwa akiona ni mambo ya kuombaomba. K akamsomea kifungu cha 54 cha katiba ya 2010, kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata vifaa vya kumsaidia, na Maalim ambaye ni mtu wa vifungu akataka asomewe mara mbili. Lakini kadi ina foleni yake na nyusi haingoji, kwa hiyo tukachangishana mtaani tukanunua fimbo ndefu ya kukunja.

Ncha yake ikawa inakwama kwenye nyufa za mawe, na hapa ndipo K akavumbua kitu kwa mara ya kwanza kwa maoni yangu. Lamu ndiyo iliyounda Flipflopi mwaka 2018, jahazi la plastiki iliyookotwa na malapa, likasafiri hadi Unguja, kwa hiyo mafundi wanaojua kuyeyusha plastiki na kuichonga kama mbao wapo. K akachongewa kigurudumu kinene kama yai, akakitoboa, akakivisha kwenye ncha kikawa kinazunguka. Hakikwami. Kikiisha kinachongwa kingine.

La pili, kisanduku kitoke kwenye fimbo. Fimbo inasema na mkono wa mwenyewe kwa mtikisiko wa ncha, jiwe lina mtikisiko wake, saruji wake, mchanga wake, na ukiipachika uzito na injini ya kutetema ni kama kumzungumzisha mtu anayesikiliza redio. K akatengeneza kidude cha kuvaa kifuani, ukubwa wa kiberiti, chini ya kanzu mfuko wa juu, kina tundu mbele. Ndani sensa ya leza ile ndogo ya VL53L0X inayopima hadi mita 2 hivi. Udhaifu wake ni jua kali, ukiwa nje ufukweni saa sita inapungukiwa, lakini ndia za Lamu zina kivuli karibu kutwa, kwa mara ya kwanza kuta zile zikatusaidia.

La tatu, kinyamaze. Baza likatolewa. Kinatetema tu, na programu haisemi mpaka kitu kiwe ndani ya sentimita 90 na vipimo vitatu mfululizo vionyeshe kinakaribia. Ukisimama barazani kuzungumza na mtu hakitetemi. Ukuta wa pembeni hakiuoni kwa sababu kifua hakitikiswi kama fimbo.

La nne ni kitaa. Ukikiwasha kinatetema mara mbili, ukikizima mara moja ndefu, betri ikiwa chini kinatetema kama mapigo ya moyo. Chaja ni ya pini nyembamba ileile ya simu yake ya kabambe, ya vitufe, anaijua kwa kidole. Vyote havikufika elfu tatu.

La tano si la K, ni la Maalim, na lilitufunga midomo.

Kidude kilikuwa kinaona dirisha, bati, ndoo, ubavu wa mzigo. Boriti inayokuja kwa ncha kilikuwa hakiioni vizuri, ni nyembamba na nyeusi, mwale mwingi unapita pembeni na kidogo kinachogonga hakirudi. K akawa anataka kuongeza sensa ya pili, ya tatu, akaanza kuchora mkanda mzima wa kifua. Maalim akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Huyo punda, una habari naye?" K akasema habari gani. "Mfunge njuga. Mimi sina mato, lakini yeye ana shingo."

Tulicheka halafu tukanyamaza. Hapa niweke habari ya pembeni kidogo. Ile rangi nyeupe ya fimbo ina historia yake, mwaka 1921 Bristol huko Uingereza mpigapicha mmoja James Biggs aliyepofuka alipaka fimbo yake nyeupe kwa sababu magari yalikuwa yanamtisha, alitaka madereva wamwone. Rangi haimsaidii mwenye fimbo kitu, ni ujumbe kwa wanaoona. Sasa Lamu mjini hakuna madereva, kuna punda, na punda huyo, weupe wa fimbo haumhusu. Alichotaka Maalim ni ujumbe urudi upande wa pili, kwamba na wao wajitangaze kwake. Zamani wapagazi walikuwa wanapita wanaita simile, simile. Siku hizi kijana wa punda amevaa visikilizio.

K akazunguka kwa wenye punda siku tatu. Wanne walikubali, njuga ndogo mbili mbili shingoni siku za kubeba boriti tu. Mmoja akasema punda wangu si ngoma. Mwingine akauliza nani analipa, swali la haki kabisa, na jibu lilikuwa mimi.

Yalikofikia

Naandika miezi saba baada ya njuga. Maalim anatembea wima, na hili watu wameliona kuliko kidude, wanasema amepona mgongo. Hajagongwa na mzigo tena ila bati la duka lilimkwaruza mara moja asubuhi ambayo alikisahau nyumbani. Kati ya punda wanne mmoja ametolewa njuga kwa sababu alikuwa anashtuka, mwingine zimeibiwa. Wawili wanalia bado, na nimesikia kina mama wanasema ni nzuri, wanawaondoa watoto mlangoni mapema.

Kadi ya usajili ilitoka. Fimbo ya zamani amepewa kijana mdogo ambaye urefu wake unamfaa. Ile ya kwanza, yenye cheti, K aliichomoa sensa, macho yale mawili yalikuwa yameshaota kijani kwa chumvi ya bahari hata kabla ya mvua za masika.

Kilichofanya kazi na kilichokwama

Sitapanga kwa jedwali, nitasema ninavyoona.

Kosa kubwa halikuwa sensa mbovu. Ile HC-SR04 ni nzuri, wangapi wameanzia hapo. Kosa ni kwamba K alijifunga kitambaa machoni akadhani sasa amekuwa Maalim. Mtu anayeona akijifunga kitambaa anakuwa mtu aliyepotea, anaogopa ukuta, anataka aambiwe kila kitu. Asiyeona kwa miaka hajapotea, ana ramani, na ramani ya Maalim ilikuwa bora kuliko GPS yetu mara mia. Jaribio la kitambaa lilipima hofu ya K. Tukatibu hofu ya K.

Pili, mahali pa kujaribia. Mkunguni na ukumbi wa maonyesho vilitupa majibu ya kweli kuhusu mahali pasipomhusu Maalim. Nusu saa kwenye ndia ya kwenda msikitini siku ya kwanza ingetuokoa miezi, na ni hatua mia mbili kutoka kibandani kwangu.

Adabu nayo. Hili la adabu ndilo gumu kulisema kwa sababu ni zuri. Maalim hakulalamika kwa sababu ni zawadi, na zawadi hairudishwi wala haikosolewi. Aliposhukuru tulisikia "inafanya kazi". K alipoacha kuuliza "unaionaje ami" na kuanza kuuliza "jana ulipofika kwa muuza kahawa ulifanyaje", majibu yakabadilika, maana la pili halihitaji kumvunja mtu moyo.

Kilichofaa ni daftari. Na kilichofaa ni ule uvumilivu wa K kutupa kazi yake mwenyewe iliyopewa cheti, mimi nisingeweza, ningeifunga sensa ya tano.

Nimeulizwa na watu kama kidude kinaweza kutengenezwa kwa wingi kikauzwa. Cha Maalim kimepimwa kwa kanzu ya Maalim na ndia za Lamu. Malindi mjini kuna tuktuk na barabara pana na jua linalopiga moja kwa moja, leza ile ingesumbua na sentimita 90 kwa tuktuk ni kama hakuna. Kuna mama mmoja muuza viazi karai ambaye macho yake yamebaki mwanga tu, ameomba chake, na K ameshakaa naye jioni nne na daftari jipya bila kuwasha solda. Mpaka sasa anachosema mama yule ni kwamba shida yake si kutembea, ni noti. Anapewa ya mia anaambiwa ya mia tano. Kwa hiyo hatujui bado tunatengeneza nini.

Kidude cha Maalim kiko hapa mezani tangu asubuhi, swichi imelegea, nasubiri K aje na bisibisi ndogo. Maalim ametuma mtoto mara mbili kuuliza kama kiko tayari, na adhana ya alasiri bado saa nzima.